Kutunza mmea wa buibui ndani ya nyumba: maji, mwanga na ncha zinazokauka

Mmea wa buibui ukikufia ndani ya nyumba, chunguza maji kwanza. Mara nyingi umekufa kwa kunyweshwa kupita kiasi, si kwa kiu. Huu ni mmea wa kwetu Afrika, wa maeneo ya kitropiki hadi kusini mwa bara, na wataalamu wanauita Chlorophytum comosum. Ukiutoa kwenye chungu utaona mizizi minene, myeupe, iliyotuna maji. Hiyo ni akiba yake ya wakati wa ukame. Mmea wenye akiba ya namna hiyo hauhitaji maji kila asubuhi, na anayeielewa mizizi hiyo ameshaelewa sehemu kubwa ya utunzaji wake.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kutoa pesa. Mbegu zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo hapa Uganda kwa jina la Kiingereza la mmea huu, spider plant, ni za mgagani, mboga ambayo kwa Kiganda ni jjobyo na kwa Kiacholi ni akeyo. Ni mboga nzuri, lakini siyo tunayoizungumzia. Wa nyumbani hununuliwa ukiwa mche kwenye vitalu vya kando ya barabara, au unapewa na jirani kitoto chake, yaani mche mdogo unaoning'inia kwenye kikonyo.

Kwenye kitalu, usidanganyike na wingi wa majani. Shika shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na udongo, uibonyeze kwa vidole viwili: iwe ngumu. Ikibonyea au ikitoa harufu ya kuoza, uache. Fungua majani ya katikati uangalie kama kuna utandu mweupe wa vidungata. Ukifika nyumbani, uweke mbali na mimea mingine kwa wiki mbili, maana wadudu wengi huingia nyumbani kwa njia hii.

Aina zinazopatikana kwa wingi ni mbili: yenye mstari mweupe katikati ya jani na yenye kingo nyeupe. Ipo pia fupi ya majani yaliyojikunja. Zote hutunzwa vilevile. Mara nyingine huchipuka majani ya kijani kitupu kwenye mmea wenye mistari. Yang'oe mapema hadi kwenye shingo, kwa sababu jani la kijani lina nguvu zaidi ya kutengeneza chakula na sehemu hiyo itaishinda ile yenye mistari.

Mahali pa kuuweka

Unataka mwanga mwingi lakini si jua kali la moja kwa moja. Pima hivi: saa sita mchana, nyoosha mkono juu ya mahali unapokusudia kuweka chungu, kiasi cha sentimita 30 kwenda juu. Ukiona kivuli chenye kingo zilizofifia, mahali hapo panafaa. Kivuli kikiwa kikali kiasi cha kuhesabu vidole, jua ni kali mno. Usipoona kivuli chochote, pana giza.

Ikweta inapita kusini mwa Uganda, kwa hiyo ushauri wa Ulaya kuhusu dirisha la kusini usiufuate hapa. Kwetu jua hupita upande wa kaskazini karibu na mwezi wa Juni na upande wa kusini karibu na Desemba, na mchana linakuwa juu ya paa karibu mwaka mzima. Dirisha la kaskazini au la kusini lenye upenu mpana halipati jua kali, na ndiyo sehemu bora. Dirisha la mashariki nalo ni zuri: jua la asubuhi hadi saa tatu au saa nne haliunguzi. Dirisha la magharibi ndilo la kuogopa. Jua la saa tisa mchana likipita kwenye kioo hubabua majani na kuacha mabaka makavu ya rangi ya majani makavu ya mgomba, na jani lililobabuka haliponi. Huko weka pazia jepesi, au sogeza chungu mita moja ndani ya chumba.

Vioo vya giza, vile vya madirisha ya kusukuma yaliyojaa kwenye nyumba za kupanga za Kampala, hupunguza mwanga sana. Chumba kinaweza kuonekana cheupe kwa macho yako huku mmea ukiwa na njaa. Nyuma ya kioo kama hicho weka chungu ndani ya nusu mita kutoka dirishani. Wanaoishi kwenye muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja chenye kidirisha kidogo, wafanye zamu: mmea mmoja barazani kivulini, mwingine ndani, kisha wabadilishane kila baada ya wiki. Mmea uliokaa gizani muda mrefu hurefusha majani yakawa membamba na malegevu, na mistari myeupe hufifia. Ukiutoa gizani usiupeleke moja kwa moja kwenye jua. Uzoeshe kwa siku kumi.

Joto si tatizo kwa sehemu kubwa ya nchi. Nyuzi 18 hadi 27 zinaufaa kabisa. Kabale na Kisoro usiku ni baridi, kwa hiyo usiache majani yakigusa kioo, na huko punguza maji kuliko unavyosoma hapa chini.

Halafu kuna taa. Mmea huu huchochewa kutoa vikonyo vyenye vitoto na usiku mrefu wenye giza. Usiku wetu wa saa kumi na mbili unatosha, ila taa ya ulinzi inayowaka hadi asubuhi karibu na chungu huchelewesha uzazi. Kama mmea wako una afya, umeshajaza chungu, na bado hauzai, angalia kwanza ni taa gani inauangaza usiku.

Udongo na chungu

Udongo mweusi unaouzwa kwa magunia una rutuba, lakini ukitumiwa peke yake ndani ya chungu hushikamana baada ya miezi michache, hewa ikakosa njia, na mizizi ikaoza. Changanya kwa ujazo: makopo matatu ya udongo mweusi uliochekechwa, kopo moja la mboji au samadi iliyooza hadi haina harufu kali, na kopo moja la mchanga wa chenga wa ziwani. Osha mchanga hadi maji yatoke safi. Mchanga laini wa kupigia lipu haufai, kwa sababu chembe zake huziba matundu ya hewa. Badala ya mchanga unaweza kutumia maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi. Yasiwe majivu meupe, kwani majivu yana chumvichumvi nyingi, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa ncha za majani kama tutakavyoona. Maganda ya kahawa mabichi usiyatie kabisa; yaoze kwanza kwenye lundo.

Chungu kiwe na upana unaozidi bonge la mizizi kwa sentimita mbili au tatu kila upande, si zaidi. Mche uliotoka kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) ya sentimita 10 unakaa vizuri kwenye chungu cha sentimita 15. Chungu kikubwa mno hubaki na udongo wenye maji ambao mizizi haijaufikia, na kuoza huanzia hapo. Cha udongo wa kufinyanga hukauka upesi, hivyo kinamfaa mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia. Kwa Gulu, Kitgum au Moroto wakati wa kiangazi, cha plastiki ni bora.

Jerikeni ya mafuta ya kupikia ya lita 5 iliyokatwa katikati ni chungu kizuri tu. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yaishe. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari wa inchi 5 uliopashwa moto, ukiwa nje, kwa sababu moshi wa plastiki una sumu. Funika matundu kwa kipande cha chandarua kikuukuu ili udongo usimwagike. Changarawe chini ya chungu hazisaidii kama wengi wanavyoamini: maji hubaki yamening'inia kwenye udongo ulio juu ya changarawe, na sehemu yenye unyevu inasogea karibu zaidi na mizizi.

Namna ya kupanda:

1. Mwagilia mche siku moja kabla, ili mizizi isikatike.
2. Pasua kaveera kwa wembe kuanzia juu hadi chini. Usivute mmea kwa majani.
3. Legeza mizizi iliyojizungusha. Iliyo myeusi au laini ikate. Nyeupe minene iache yote.
4. Pandisha udongo chini ya bonge hadi shingo ya mmea iwe sentimita 3 chini ya ukingo wa chungu. Nafasi hiyo ni lazima, kwani mizizi ikinenepa huinua udongo juu na bila nafasi maji yatamwagika pembeni.
5. Jaza pembeni, gonga chungu chini mara mbili tatu, kandamiza kidogo tu. Shingo isizikwe.
6. Mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha weka kivulini wiki moja. Mbolea isiingie kwa wiki sita.

Baada ya mwaka mmoja au miwili mmea utaomba chungu kingine. Utaona mizizi ikichungulia kwenye matundu, udongo umeinuka, au maji yanapita moja kwa moja bila kunyonywa. Chungu chembamba cha plastiki kinaweza hata kupasuka.

Maji

Hakuna ratiba ya siku inayofaa nyumba zote. Chomeka kidole sentimita 3 ndani ya udongo. Kukiwa kukavu mpaka hapo, mwagilia. Kukiwa na unyevu, acha. Kwa chungu cha sentimita 15 hapa Kampala, mara nyingi itakuwa kila baada ya siku tano hadi saba. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, inaweza kufika siku kumi. Kaskazini, kuanzia Desemba hadi Februari upepo mkavu unapovuma, siku tatu au nne. Njia nyingine, nayo huwa sahihi zaidi mkono ukishazoea, ni kuinua chungu. Kinyanyue mara baada ya kumwagilia ujue uzito wake, kisha siku zinazofuata uone kinavyopungua.

Unapomwagilia, mwagilia kweli. Mimina polepole udongoni kuzunguka mmea, si katikati ya majani, mpaka maji yatiririke chini. Kunyunyiza kikombe kidogo kila siku hulowesha juu tu, mizizi ya chini ikabaki kavu na ya juu ikabaki imelowa wakati wote. Subiri nusu saa, kisha mwaga maji ya kwenye kisahani. Yakibaki, mizizi huoza na mbu hupata mahali pa kutagia.

Udongo ukikauka kupita kiasi huachana na ukuta wa chungu, na ukimimina maji yanapita pembeni yote. Utadhani umemwagilia kumbe bado. Kitumbukize chungu kwenye beseni lenye maji yanayofika nusu ya urefu wake kwa dakika 20 hadi 30, kisha kiache kichuruzike.

Majani yenye kiu hupauka, hujikunja kwa urefu kama yanataka kujifunga, na hulegea. Akiba ya mizizi itayarudisha ndani ya siku moja au mbili. Mmea uliozidiwa maji ni tofauti: majani ya chini yanakuwa ya njano, ncha zinakuwa nyeusi na laini, shingo inabonyea. Hapo usisubiri. Utoe kwenye chungu, kata kila mzizi uliooza kwa kisu kilichopanguswa spiriti, uache kivulini saa chache ukauke majeraha, kisha upande kwenye udongo mpya mkavukavu na usimwagilie siku tatu. Shingo ikiwa imeoza kabisa, okoa vitoto tu.

Ncha za kahawia

Hili ndilo lalamiko kubwa, na watu huongeza maji wakidhani ni kiu. Mara nyingi ni chumvi na floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji. Maji hupanda kutoka mizizini hadi mwisho wa jani, hapo yanapotea hewani, lakini kilichoyeyuka ndani yake hakitoki. Kinajilimbikiza kwenye ncha wiki baada ya wiki mpaka kinaua seli. Ndiyo maana ncha hukauka kwanza kwenye majani ya zamani, na jani changa hubaki safi.

Floraidi inatoka wapi? Kwenye baadhi ya visima na chemchemi za maeneo ya volkano, kama miteremko ya Elgon na pande za Kisoro, inaweza kuwa nyingi kiasili. Mbolea ya superfosfeti nayo inayo, kwa hiyo usiitumie kwa mmea huu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki ileile kwenye maji machache. Klorini ya maji ya bomba ni jambo jingine: sehemu kubwa hutoka yenyewe ukiyaacha maji kwenye beseni lililo wazi usiku kucha.

Dawa bora ni maji ya mvua, nasi tunayo kwa wingi. Kinga yanayotoka kwenye mabati, ila baada ya kiangazi acha mvua ya dakika kumi za kwanza ipite, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Hifadhi kwenye jerikeni iliyofungwa. Hata ukitumia maji ya mvua nusu na ya bomba nusu, utaona tofauti kwenye majani mapya.

Kila miezi mitatu osha udongo. Peleka chungu nje au bafuni, mimina polepole maji yanayofikia mara tatu au nne ya ujazo wa chungu (chungu cha lita 2, lita 6 hadi 8), uyaache yote yatoke chini. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, ukwangue kwanza.

Siyo kila ncha iliyokufa inatokana na maji. Ofisi zenye kiyoyozi, na Karamoja wakati wa ukame, hewa yenyewe hukausha ncha. Sogeza mmea mbali na upepo wa mashine. Jani linalosugua ukuta au pazia kila siku nalo hukauka pale linapogusa. Ncha iliyokauka hairudi kuwa ya kijani. Ikate kwa mkasi safi ukifuata umbo la jani, na uache uzi mwembamba wa kahawia. Ukikata kwenye kijani unafungua jeraha jipya ambalo nalo litakauka.

Mbolea

Kidogo sana. NPK 17-17-17, ambayo inapatikana karibu kila duka la pembejeo, kijiko kimoja cha chai kwenye jerikeni ya lita 10. Yeyusha usiku mzima, tikisa, mwagilia kwenye udongo ambao tayari una unyevu, mara moja kila baada ya wiki sita hadi nane. Punje zisiwekwe moja kwa moja kwenye chungu. Huunguza mizizi zilipoangukia. Mbolea ikizidi, ncha zinakauka na mmea unatoa majani mengi na vitoto vichache.

Vumbi, moshi na wadudu

Nyumba iliyo karibu na barabara ya murram hupata vumbi jekundu linaloziba mwanga. Futa kila jani kwa kitambaa chenye maji, ukilishika kwa chini kwa kiganja, kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Usipake mafuta wala maziwa ili majani yang'ae. Yananasa vumbi zaidi.

Vidungata hujificha pale jani linapoanzia. Gusa kila kimoja kwa pamba iliyochovywa spiriti. Utitiri huja hewa ikiwa kavu: majani yanapata vidoti vyeupe vidogo na utando mwembamba kwa chini. Ogesha mmea wote kwa maji, kisha nyunyiza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, na uisuuze baada ya saa mbili. Sabuni zinazochanganywa mitaani nyingine ni kali sana, kwa hiyo jaribu kwenye jani moja usubiri siku moja kwanza. Rudia kila baada ya siku saba mara tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni. Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinakuambia kwamba udongo haukauki. Punguza maji na vitatoweka.

Mmea huu hauna sumu kwa mtoto, paka wala mbwa. Paka hupenda kutafuna majani yake na anaweza kutapika kidogo, basi ning'iniza juu.

Kuhusu kusafisha hewa: utafiti wa NASA wa mwaka 1989 ulifanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Nyumba yenye madirisha hubadilisha hewa haraka kuliko majani machache yanavyoweza kuisafisha. Tunasisitiza hili kwa sababu wapo wanaouweka karibu na sigiri. Gesi ya makaa inaua, na hakuna mmea wa chunguni unaoweza kuizuia. Sigiri ikae nje.

Kuzalisha vitoto

Chagua kitoto chenye majani matano au zaidi na vinundu vya mizizi chini yake. Njia ya uhakika zaidi ni kukipanda kikiwa bado kimeshikamana na mama: weka chungu kidogo pembeni, kaza kitoto juu ya udongo kwa kipande cha waya kilichokunjwa, weka unyevu wiki tatu. Ukikivuta kidogo na kikagoma kung'oka, kata kikonyo.

Ukitumia maji, weka kwenye glasi na uhakikishe ni vinundu tu vinavyogusa maji, majani yasilowe. Badilisha maji kila siku tatu, maana kwa joto letu viluwiluwi vya mbu hukua ndani ya siku chache. Mizizi itaonekana ndani ya siku saba hadi kumi. Ikifika sentimita 3 hadi 5 hamishia kwenye udongo. Ukiiacha majini miezi, inapata shida kuzoea udongo. Panda vitoto vitano kwenye chungu kimoja cha sentimita 15 kama unataka kijae upesi.

Mbegu zake pia huota, lakini miche inayotoka kwa mmea wenye mistari kwa kawaida huwa ya kijani kitupu. Mmea mkubwa uliojaa chungu unaweza kuugawa: utoe, tafuta mahali mashina yanapoachana, kata bonge la mizizi kwa kisu kirefu, kila kipande kibaki na shina lake na mizizi minene isiyopungua minne au mitano. Majani yatalegea wiki ya kwanza. Usiyaongezee maji kwa sababu hiyo; mizizi iliyokatwa inajitengeneza, na maji ya ziada ndiyo yataiozesha.